Mita Sita kwa Tatu

Daktari aliligeuza goti langu, akalisikiliza linavyosaga,
akasema: Mzee Urio, miaka thelathini ya kukanyaga klachi
imekula gegedu yote. Sasa ukaogelee.
Nikacheka. Mimi mtu wa Kibosho,
maji ninayoyajua ni ya mfongo, mwisho kifundoni.

Lakini nikachora, nyuma ya kalenda ya benki:
mita sita kwa tatu, kina cha kunifika kifuani,
hapa kwangu Rau, kati ya tangi na mparachichi.
Ndekirwa akatuma pesa kutoka Mwanza.
Vijana wawili, sururu mbili, siku nne:
shimo.

Siku ya tano ukuta wangu uliamka na alama ya X,
nyekundu, bado inachuruzika,
na chini yake mwandiko wa mtu mwenye haraka:
SIMAMISHA. LETA KIBALI.

Ndipo nilipoanza kuogelea.
Nikaogelea Manispaa ya Moshi, ngazi mpaka ghorofa ya pili,
chumba namba nane mpaka kumi na moja, na kurudi nane,
faili la kijani kwapani, magoti yakilia kama bawaba.
Wa mipango miji: eneo ni la makazi, inaruhusiwa,
ila usisogelee mpaka.
Mhandisi: mchoro huu umechora wewe?
Bwana afya: uzio, na geti lijifunge lenyewe,
mtoto wa jirani hajui kusoma bango.
Wa mazingira, binti mdogo, viatu vyenye tope la kweli,
aliuliza maswali mawili tu.
Maji yatatoka wapi?
Na ukishayachoka, yataenda wapi?

La kwanza nina risiti yake.
La pili lilinifuata hadi nyumbani,
likalala nami.

Kwa maana chini yangu ni kwa Mama Anansia:
magimbi, migomba ya mshare, ng'ombe mmoja wa ndani.
Mfongo unapita kwangu, kisha kwake,
tangu kabla ya lami, kabla ya Manispaa yenyewe,
tangu babu yake na wangu walipogombana, wakapatana,
kwa ajili ya zamu ya Jumanne.

Fomu namba tano inataka sahihi ya jirani.
Nilimpelekea, na kalamu juu yake.
Akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini,
akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari.
Dawa ya kuua vijidudu, Urio,
haina macho ya kuona gimbi.

Masika hayakuomba kibali.
Usiku wa tatu yalikwishajaza shimo robo yake,
vyura wakahamia bila hati.

Mkaguzi akaja na futi ya chuma,
akapima, akatikisa kichwa, akatafuta neno.
Hili, kisheria, bado si bwawa, akasema.
Ni shimo lenye maji.
Na shimo lenye maji lina sheria ndogo gani?
Akafungua kijitabu chake, akakifunga.
Mvua ilikuwa inamlowesha vifungu.

Alipoondoka nilikunja suruali,
nikashuka ngazi ya fundi, kidato kwa kidato,
nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na maji ya tope yakanishika magoti yote mawili
kama mjukuu anayeamkia.

Juu ya ua kikatokea kitambaa cha kichwa,
halafu uso.
Urio, umezama?
Nimekaa.
Akanitazama muda mrefu,
mwanamke wa miaka sabini na mbili, sitini kati yake ameinamia jembe.
Yana baridi sana?
Kidogo. Ukizoea, hapana.

Hakujibu. Uso ukashuka nyuma ya ua,
na baada ya kitambo nikasikia geti lake.

Fomu ingali chini ya kopo la sukari.